Rangi iliyobanduka kwenye GIMP: kwa nini inaonekana bandia, na namna ya kuirekebisha

Bango lina herufi nyekundu za mgahawa juu ya ukuta wa buluu iliyopauka. Ulitaka zionekane zimepigwa jua na mvua miaka mingi. Ukapakua picha ya ukuta mkuukuu, ukaiweka juu, ukabadilisha modi (namna picha ya juu inavyochanganyika na ya chini) kuwa Overlay, na ulichopata ni herufi zilezile nyekundu zenye kitu kama moshi juu yake. Hapo wengi huongeza teksta, yaani picha ya uso kama ule wa ukuta, ya pili, kisha ya tatu, na kazi inazidi kuharibika.

Uchache wa teksta si ugonjwa wa kazi za namna hii. Rangi haichakai hivihivi tu. Kuna maji yaliyopenya nyuma yake, kuna jua lililoikausha, kuna mikono iliyoishika kila siku, kuna msumari ulioota kutu. Kwa hiyo unapotafuta kosa kwenye faili lako, uliza mambo mawili: hapa rangi ipo au haipo? Na kama haipo, nini kimeiondoa? Karibu kila dalili iliyoandikwa hapa chini inatokana na swali mojawapo kukosa jibu.

Maelezo yanafuata GIMP, programu ya kuhariri picha, kwa sababu ni ya bure na inakubali kompyuta za kawaida. Toleo la 2.10, lililotoka mwaka 2018, na la 3.0 la mwaka 2025 yote yanafaa. Majina ya menyu nimeyaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini, na mtu wa Photoshop atayatambua mengi. Pale zinapotofautiana nitasema. Nachukulia kwamba kazi ni ya A3 kwa pikseli 300 kwa inchi, yaani 3508 kwa 4961, na kwamba leya, yaani matabaka ya picha, zimepangwa kama ukuta wenyewe ulivyojengwa: chini kabisa lipu, juu yake rangi ya zamani, juu yake rangi mpya, mwisho herufi. Kila leya ya rangi ina maski yake, picha ya nyeusi na nyeupe inayoficha au kuonyesha leya bila kuifuta. Raba usiiguse kabisa. Ukifuta kwa raba kisha ukafunga faili, rangi imekwenda moja kwa moja. Maski unaweza kuirekebisha hata mwezi ujao mteja akibadili mawazo.

"Herufi zimefunikwa moshi, hazijabanduka"

Hii ndiyo dalili inayoongoza, na chanzo chake ni maski ya kijivu. Kwenye maski, nyeupe inaonyesha rangi, nyeusi inaificha, na kijivu kinaiacha nusu. Picha ya ukuta uliyoipiga kwa simu karibu yote ni kijivu cha kati. Ukiitia kwenye maski bila kuitengeneza, unaiambia programu kwamba rangi ipo nusunusu kila mahali. Ukutani hakuna kitu kama hicho. Gamba la rangi limeshika au limeanguka.

Kwanza itazame maski yenyewe. Shika Alt na ubofye kijipicha cha maski kwenye orodha ya leya. Kwenye Linux wakati mwingine mfumo unajichukulia kitufe cha Alt, hapo pitia Layer, Mask, Show Layer Mask. Ukiona bahari ya kijivu, mgonjwa umempata.

Fungua Colors, kisha Levels, na uvute kitelezi cheusi na cheupe vikaribiane katikati. Cheusi kiweke 118, cheupe 130, uone. Ukivisogeza vyote viwili kulia, rangi nyingi zaidi inaanguka, kushoto, inabaki. Ile nafasi ndogo ya hatua kumi na mbili kati yake ina kazi: ndiyo inayoacha ukingo wa gamba kuwa laini kwa pikseli moja au mbili. Wengi hukimbilia Threshold, ambayo haina nafasi hiyo. Kila pikseli inakatwa nyeusi au nyeupe, na kingo zinatoka na meno ya msumeno. Ukataji mkali wa namna hiyo utafaa baadaye, kwenye kuchapa fulana.

Kama baada ya Levels bado unaona moshi, angalia opasiti ya leya, yaani kiasi inavyofunika kilicho chini yake. Mara nyingi mtu alishaishusha hadi 60 wakati akihangaika, akasahau.

"Upande mmoja umeliwa wote, upande wa pili mzima"

Umefanya Levels vizuri, lakini kushoto herufi zimetoweka na kulia hazijaguswa. Hapa maski haina kosa. Tatizo ni mwanga uliokuwepo wakati picha inapigwa. Ukuta ulipata jua upande mmoja zaidi, au lenzi ya simu ilitia giza pembeni. Levels haijui tofauti ya kivuli na rangi iliyobanduka. Inachojua ni namba tu, na upande wa kivuli wote una namba ndogo.

Dawa ni kusawazisha mwanga kabla ya kukata. Fungua picha ya ukuta kwenye faili lake peke yake, iondolee rangi kwa Colors, Desaturate. Rudufu leya. Ile ya juu iparaze, yaani ipoteze ukali, kwa Gaussian Blur ya ukubwa mkubwa, pikseli 150 au 200 kama picha ina upana wa 4000 hivi, kisha modi yake iweke Grain extract. Programu itatoa mwanga wa jumla kutoka kwenye picha na kuacha mikwaruzo na magamba tu juu ya kijivu kilicho sawa kote. Chagua Layer, New from Visible, upate leya moja safi, ndipo ufanye Levels. Kwenye Photoshop kazi hii inafanywa na High Pass, iliyo ndani ya Filter, Other. GIMP nayo ina High Pass yake chini ya Filters, Enhance, ila mimi napenda njia ndefu kwa sababu unaona kila hatua.

Ukubwa wa kuparaza ndio unaohitaji jicho. Ukiwa mdogo kuliko gamba kubwa lililo kwenye picha, magamba yanatobolewa katikati na unabaki na mistari ya kingo tu, mithili ya ramani ya visiwa. Ongeza hadi magamba yajae tena.

Bora zaidi ni kupiga picha nzuri toka mwanzo. Kwa maski, subiri wingu au tafuta ukuta ulio kivulini, simama ukiutazama ukuta uso kwa uso na simu isilale upande wowote. Jua la asubuhi linalopita ubavuni mwa ukuta linapendeza mno, lakini linaandika vivuli vya kila punje ya mchanga, na vivuli hivyo vyote vitageuka mashimo.

"Teksta haionekani kabisa"

Kuna sababu nne hapa, na nazipanga kuanzia ile ninayoikuta zaidi.

Modi ya Overlay juu ya nyeupe kabisa au nyeusi kabisa haifanyi kitu. Hesabu yake inazidisha kwa kiasi cha leya ya chini; chini kukiwa sifuri jibu linabaki sifuri, na chini kukiwa kileleni jibu linabaki kileleni. Herufi nyeupe safi zitameza teksta yoyote ya Overlay bila kuacha alama. Tumia Multiply juu ya nyeupe na Screen juu ya nyeusi, au bora zaidi acha kutumia nyeupe ya 255 na nyeusi ya 0. Hakuna rangi ya ukuta yenye weupe huo. Nyeupe ya 232 yenye unjano kidogo inakubali teksta na inafanana na chokaa iliyokaa.

Umebandika kwenye leya badala ya maski. Kwenye GIMP bofya kijipicha cha maski kwanza, bandika, kisha bonyeza Ctrl+H kutia nanga, yaani kukishikiza ulichobandika. Kwenye Photoshop lazima uifungue maski kwa Alt na kubofya kabla ya kubandika, la sivyo inaunda leya mpya.

Faili limefunguka katika hali ya Indexed, jambo la kawaida kwa GIF na PNG zenye rangi chache. Filta nyingi zitakuwa zimefifia kwenye menyu. Nenda Image, Mode, uchague RGB.

Ya nne inawahusu wenye mafaili ya zamani. GIMP 2.8 ilikuwa na kosa ambalo Overlay yake ilihesabiwa sawa na Soft light. Toleo la 2.10 lilirekebisha, lakini faili la zamani linafunguka likiwa na modi za kundi la Legacy ili kazi ya mtu isibadilike. Mafunzo ya zamani ukiyafuata leo kwa namba zilezile, matokeo yatakuwa na nguvu zaidi ya yale ya kwenye picha za mwalimu.

"Uchakavu umetawanyika sawasawa kama maua ya kitambaa"

Hapa nitakaa, kwa sababu hata kazi zenye ufundi mzuri huanguka mahali hapa. Maski iko safi, kingo ni nzuri, lakini bango zima limetobolewa kwa kiwango kilekile juu, chini na katikati. Jicho linakataa mara moja, hata la mtu asiyejua kwa nini.

Tazama ukuta wowote wa mwambao. Rangi inaanza kubanduka chini, karibu na ardhi, kwa sababu maji yanapanda kutoka udongoni yakibeba chumvi. Maji yakikauka, chumvi inaganda nyuma ya rangi na kuisukuma nje. Juu ya mstari fulani, kiunoni mwa mtu au chini zaidi, ukuta unakuwa mzima ghafla. Mji Mkongwe wa Zanzibar una kuta za mawe ya matumbawe na chokaa ambazo zimezoea kupumua. Palipotiwa lipu ya saruji na rangi ya plastiki juu yake, unyevu unakosa pa kutokea na rangi inavimba kisha inaachia kwa mapande makubwa. Chini ya dirisha kuna michirizi ya maji pande mbili za kizingiti. Kwenye mlango, rangi imeisha pale mkono unaposukuma na pale kiatu kinapogonga. Msumari unalia kutu kwenda chini, haulii kwenda juu. Mbao hupasuka kufuata nyuzi zake, kwa hiyo nyufa zake ni ndefu na zinakwenda upande mmoja. Bati huanza kutu kwenye ukingo uliokatwa na kwenye tundu la msumari, kisha kwenye mkwaruzo.

Amua kwanza herufi zako zimepakwa juu ya nini, na adui yake ni nani. Kisha tengeneza ramani ya uchakavu.

Rudi kwenye lile faili la teksta iliyosawazishwa, kabla ya Levels. Juu yake ongeza leya mpya, ijaze kijivu cha kati, #808080, na modi iweke Grain merge. Hakuna kitakachobadilika, kwa sababu kijivu hicho hakiongezi wala hakipunguzi. Sasa chukua brashi kubwa laini, pikseli 600 au zaidi. Paka kijivu cha giza, tuseme #505050, pale rangi inapotakiwa kuanguka: chini, pembeni mwa dirisha, mahali mkono unapofika. Paka kijivu cheupe kidogo, #a0a0a0, pale unapotaka rangi isalimike, kwa mfano chini ya ukingo wa paa. Chagua New from Visible, fanya Levels, peleka kwenye maski.

Matokeo yake yatazame kwa karibu, asilimia mia, kwa kubonyeza namba 1 kwenye kibodi. Chini magamba ni makubwa na yameungana, ukuta umebaki visiwa vya rangi. Ukipanda juu, mashimo yanapungua ukubwa, yanaachana, hadi unakuta vidoa vichache tu. Kila ukingo bado ni mkali. Rangi haijafifia popote, imepungua kwa kuanguka.

Ukifanya kinyume chake, yaani ukate kwanza kwa Levels halafu upake giza laini juu ya maski, unarudi kwenye moshi wa mwanzo: chini kutakuwa na rangi inayopotea taratibu kama mvuke. Mpangilio huu wa ramani kwanza, kukata baadaye, ndio ninaoutetea kuliko kitu kingine chochote kwenye makala hii. Photoshop haina Grain merge. Linear Light kwa opasiti ya 50 inatoa hesabu ileile.

"Inaonekana kama karatasi iliyotobolewa, haina unene"

Rangi imeanguka mahali sahihi, kingo ni kali, lakini kila kitu kiko bapa. Mambo mawili yanakosekana.

La kwanza ni rangi za katikati. Ukuta wa zamani umepakwa zaidi ya mara moja. Rangi nyekundu ikianguka, haifiki kwenye lipu moja kwa moja. Kuna kijani cha zamani, kuna praima nyeupe, ndipo lipu. Chukua teksta ileile ya kijivu uifanyie Levels mara tatu kwa namba tofauti. Maski ya rangi ya juu ipate 146 na 158. Rangi ya zamani ipate 118 na 130. Praima ipate 90 na 102. Kwa kuwa zote zimetoka kwenye picha moja, mashimo yanaingiana: shimo kubwa kwenye rangi ya juu, ndani yake shimo dogo kwenye kijani, ndani yake doa la lipu. Kila shimo linapata pete nyembamba za rangi zilizozunguka. Mtu akitumia teksta tatu tofauti kwa leya tatu, pete hizo hazipatikani, na hapo ndipo udanganyifu unapoonekana.

La pili ni mwanga kwenye ukingo. Amua mwanga unatoka wapi. Tuseme juu kushoto, na picha nyingine zote kwenye bango zikubaliane. Bofya maski kwa kitufe cha kulia, chagua Mask to Selection. Tengeneza leya mpya chini ya rangi, jaza uteuzi huo kahawia ya giza, ondoa uteuzi, paraza pikseli 2 au 3, kisha isogeze leya pikseli 3 kulia na 3 chini, Multiply, opasiti 50. Kwenye A3 yetu pikseli 3 ni robo milimita, na unene wa rangi hauhitaji zaidi ya hapo. Vivuli vya pikseli 15 vinageuza rangi kuwa kadibodi.

Kwa ukingo unaong'aa, chukua uteuzi uleule, jaza nyeupe kwenye leya mpya juu ya rangi, usogeze uteuzi pikseli 2 kulia na chini, bonyeza Delete. Unabaki na mstari mwembamba kwenye kingo zinazotazama mwanga. Opasiti 30 inatosha.

Halafu fanya kitu ambacho filta haiwezi kukufanyia. Kitie kivuli hicho maski na ukifute kwa brashi laini hapa na pale, karibu nusu yake. Gamba lililoshika vizuri halina kivuli. Lililojikunja lina kivuli kipana. Kivuli chenye upana mmoja kuzunguka kila shimo ni cha mashine.

"Doa lilelile nimeliona mara tatu"

Teksta ndogo imerudiwa kujaza nafasi, na jicho linashika lile doa lenye umbo la pekee. Usifute teksta nzima. Tafuta madoa mawili matatu yanayojitangaza uyafunike kwa Clone au Heal. Unaweza pia kuzungusha na kugeuza nakala, ila hilo liishie kwenye teksta za maski zisizo na vivuli. Picha ya ukuta wenye vivuli ukiigeuza kichwa chini, mabonde yanakuwa vilima na mwanga unatoka ardhini.

Ndugu wa tatizo hili ni vipimo. Teksta ya ukuta wa mita tatu ikibanwa kwenye herufi ya sentimita tano inafanya herufi zionekane kubwa kama jengo. Mikwaruzo ya kijiko ikikuzwa hadi kujaza bango inalifanya bango lionekane kama sarafu iliyopigwa picha kwa karibu. Na teksta ndogo ikikuzwa mara tatu inapoteza ukali, kingo zinakuwa za majimaji. Piga picha zako kubwa kuliko unavyohitaji.

Paketi za teksta za kupakua sizipendi kwa sababu hii pia. Zimetumiwa na kila mtu, na nyingi ni kuta za nchi ambazo rangi inachakaa kwa barafu, wakati bango lako linasimulia mtaa wa joto na chumvi.

"Brashi inaacha mihuri"

Ukiburuta brashi ya madoa, unaona doa moja limegongwa kwa mstari. Acha kuburuta, bofya mara mojamoja. Ongeza Spacing, na kwenye Paint Dynamics weka alama kwenye Random kwa Angle na Size. Inatosha.

"Rangi zimekuwa matope"

Leya za Multiply zimerundikana. Kila moja ikipitisha asilimia 80 ya mwanga, nne kwa pamoja zinabakiza asilimia 41. Nyekundu inakuwa damu kavu, buluu inakuwa zege. Aidha, teksta zenyewe zina rangi: ukuta wa njano ukizidishwa juu ya buluu unatoa kijani kibichi ambacho hukukiomba. Zote zifanye za kijivu kwanza, na baki na Multiply moja, mbili kwa wingi.

Kuna jambo la ndani zaidi hapa. Watu huchanganya uchakavu na uchafu, wakafanya kila kitu kiwe cheusi zaidi. Jua halifanyi rangi iwe nyeusi. Linaipausha. Nyeusi inapanda kuwa kijivu, nyekundu inaelekea waridi lenye vumbi, uso unakuwa kama umepakwa chaki. Kwenye Curves, inua ncha ya chini kushoto kidogo, shusha ncha ya juu, punguza Saturation pointi 15 hivi, na tayari una miaka ya jua bila tone la tope. Mabango yaliyochapwa kwa mashine hupauka kwa mpango wake: wino wa njano na wa majenta huondoka mapema kuliko wa samawati na mweusi, ndiyo maana picha ya chakula iliyobandikwa dirishani mwa mgahawa inaishia kuwa ya buluu. Kama unaiga bango la karatasi, fuata hivyo. Kama unaiga herufi za brashi ukutani, usifuate.

"Yanapendeza ila hayasomeki"

Herufi za Kilatini tunazitambua zaidi kwa nusu yake ya juu. Weka uharibifu mkubwa chini ya mstari wa katikati, ambako ramani yako ya unyevu tayari inakupeleka, na uwe mpole juu. Linda viungo: ule mstari wa "h" unaopanda juu ukiliwa, unasoma "n", "t" ikikosa mstari wake wa kukingama inakuwa "l". Chagua fonti nene, kwa sababu herufi nyembamba haina nyama ya kutobolewa.

Namba za simu, bei na tarehe usizichakaze hata kidogo. Namba 3, 6 na 8 zinatofautishwa na upenyo mdogo tu, na mtu aliyepiga namba isiyo yake hatarudi kulitazama bango.

"Kwenye skrini ni safi, kwenye fulana au simu imeharibika"

Kwenye fulana za DTF, ambazo picha huchapwa kwenye filamu kisha ikahamishiwa kitambaani kwa joto, printa inatandaza wino mweupe chini ya kila pikseli yenye rangi, hata ile iliyo nusu wazi. Zile kingo laini tulizozitunza kwa Levels zinatoka na utando wa maziwa kwenye fulana nyeusi. Hapa ndipo ukataji mkali unapofaa: rudufu faili, unganisha leya za herufi, nenda Layer, Transparency, Threshold Alpha, uache kila pikseli iwe ipo au haipo. Fanya hivyo kwa pikseli 300 kwa inchi kwenye ukubwa halisi wa kuchapa, meno hayataonekana kwa macho. Vivuli vya kingo viondoe kabla ya hapo.

Kwenye skrini za kusukumia wino kwa mkono, alama ndogo mno hazishiki kwenye fremu au zinazibwa na wino. Ondoa vidoa vilivyo chini ya nusu milimita, pikseli sita hivi, kwa Despeckle au kwa kuparaza maski kidogo na kuifanyia Levels tena. Muulize fundi anayechapa doa dogo analoweza kulishika ni la ukubwa gani. Na mikwaruzo iache wazi, kitambaa chenyewe kiwe ndiyo lipu. Kupaka mikwaruzo kwa wino mweupe kunaongeza rangi ya kulipia na kunapoteza uhalisi.

Kwa simu, adui ni JPEG. Inaigawa picha katika miraba ya pikseli 8 kwa 8 na kupunguza taarifa za rangi, na chengachenga za teksta ndizo zinazoishinda kabisa. Nyekundu ndiyo inayoumia zaidi, kingo zake zinachafuka. WhatsApp nayo inaibana tena. Mtumie mteja kama dokumenti, si kama picha. Kwa kuweka mtandaoni, punguza mwenyewe hadi upana wa 1080 kabla programu haijakufanyia, ukumbuke kwamba mstari wa pikseli 3 utabaki takriban pikseli 1; ongeza ukali kidogo baada ya kupunguza. Kazi yenye rangi tatu au nne bapa ihifadhi PNG.

"Kompyuta imeganda"

Leya moja ya A3 yetu kwa biti 8 inachukua megabaiti 70 hivi. Ukiwa umechagua biti 32 kwenye Image, Precision, leya hiyohiyo inafika 280. Kwa uchakavu wa bango, biti 8 zinatosha. Teksta ziandae kwenye faili lake, leta maski tu zikiwa tayari, na leya za majaribio uzifute mara unapoamua hutazitumia. Kuzificha kwa kuzima jicho hakurudishi kumbukumbu hata kidogo.